Kilo za Kitinda

Watu wananiita Bonge, na mimi naitika. Saluni yangu nayo inajulikana kwa jina hilo hilo: kwa Bonge, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Ukitaka kusukwa vizuri panda ngazi, hutajuta. Mimi mwenyewe ngazi zile nilikuwa nazipanda kwa awamu. Nafika katikati, naegemea ukuta, najifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Mteja akipita ananiuliza, "Bonge, umesahau funguo?" Namjibu, "Nimesahau mapafu, tangulia nakuja."

Utani wa mwili wangu niliutunga mwenyewe kabla hawajautunga wao. Mtu mnene hujifunza hilo mapema, la sivyo atashinda analia chooni. Sikuwa mtu wa kulia. Nilikuwa na mdomo usio na breki, mikono yenye kasi, na wateja waliokuja kusukwa na kusikia nitasema nini.

Figo zangu zilikufa kimyakimya. Presha nilikuwa nayo kwa miaka, nikawa naipuuza. Miguu ikavimba, nikasema ni kusimama. Uso ukavimba, nikasema ni usingizi. Siku nilipoanguka kando ya mashine ya kukaushia nywele, wateja na fundi baiskeli wa chini ndio walionibeba kunishusha, na yule fundi mpaka leo akiniona anashika kiuno. Hospitali wakasema figo zote mbili basi tena.

Tangu hapo nikawa mtu wa mashine. Mara tatu kwa wiki nakaa kwenye kiti pale hospitali, sindano mbili mkononi, damu inatoka, inasafishwa, inarudi mwilini. Naingia nimejaa maji, natoka nimekauka, kichwa kinagonga, sina hamu hata ya kusengenya. Siku inayofuata ndiyo najihisi binadamu kidogo, nasuka watu. Halafu narudi tena kwenye kiti. Kiti chenyewe kilitengenezwa kwa ajili ya watu wembamba. Mapaja yangu yalikuwa yanabanwa pembeni mpaka nikiinuka yana mistari.

Na kiu. Watu wanadhani shida ya ugonjwa huu ni sindano. Sindano unazoea. Mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi hakojoi, na asiyekojoa hawezi kunywa anavyotaka, maana yale maji hayana pa kutokea, yatakwenda mapafuni. Nilikuwa na kikombe changu kidogo cha asubuhi na kikombe changu cha jioni, na ukinywa supu nayo unaihesabu. Naosha nywele za mtu, maji yanatiririka kwenye vidole vyangu, mimi natamani kuinama nilambe sinki. Mteja ananiambia, "Bonge, leo umenyamaza." Nimenyamaza kwa sababu ulimi umegandamana na kaakaa, mama.

Daktari alituita kikao. Tulikuwa mimi, mama yetu, mdogo wangu wa pekee, kitinda mimba, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda, na binamu yetu mmoja dereva wa malori aliyekuwa amenipeleka siku hiyo. Daktari akaeleza kwamba nikipata ndugu wa kunipa figo moja, na vipimo vikakubali, naweza kuachana na mashine. Ninywe maji. Nisafiri. Nifanye kazi wiki nzima.

Kabla hajamaliza binamu akasema, "Mimi ninazo mbili daktari, na zote za nini? Achukue moja." Tukacheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Mama aligeuka akamtazama Kitinda, akamtazama tu.

Kitinda akasimama. "Hapana," akasema. "Nipo mimi. Sisi ni tumbo moja. Figo itatoka kwangu."

Mama akalia, akamkumbatia, akamwita mwanangu wa faida. Nilimshika mdogo wangu mkono, nikaushikilia. Binamu alipotaka kusema kwamba hata hivyo yeye angepimwa pia, Mama akamkata: "Baba, wewe kaa na zako, una safari ndefu. Yetu tumeshayamaliza."

Daktari akainua mkono. "Subirini kwanza. Huyu mgonjwa, kwa uzito alio nao, siwezi kumpasua. Kidonda hakitafunga vizuri, na figo yenyewe inaweza kuharibika tukaipoteza. Apungue kilo ishirini. Na ninahesabu uzito wa baada ya mashine, maji yakiwa yameshatoka, tusidanganyane."

Kitinda akakaa. Nilimwona akivuta pumzi ndefu akaitoa, mabega yakashuka. Nikadhani ananionea huruma.

Basi kuanzia siku ile mdogo wangu akawa mtu mkubwa kwenye ukoo. Ukienda msibani, anapewa kiti cha mbele. Ukienda harusini, mtu anamshika bega na kuwaambia wengine, "Huyu ndiye anayempa dada yake figo." Yeye anainamisha macho, anasema, "Nani asingefanya?" Kazi yake ni kuoka keki za sherehe, na oda zilimiminika, maana kila mtu alitaka keki ya mtu mwenye roho ile. Sikumwonea wivu. Nilikuwa wa kwanza kumsifu, nilimsifu saluni mpaka wateja wakachoka.

Mimi nikabaki na kilo zangu. Na hapa sasa, anayetaka kujua ushauri wa bure ni nini, awe mnene halafu awe na ugonjwa. Kila aliyekalia kiti changu alikuwa daktari. Kunywa maji mengi, Bonge, glasi nane, yanasafisha mafuta. Kunywa maji ya ndimu asubuhi. Kula ndizi tu na machungwa, acha wali. Nawaambia maji ni marufuku, ndizi na machungwa ni marufuku, zina madini ambayo kwangu mimi yanaweza kusimamisha moyo. Wananitazama kwa jicho la pembeni, eti natafuta visingizio. Chakula cha kunikondesha kilikuwa kinaniua, na kisichoniua kilikuwa kinaninenepesha. Ukimweleza mtu hivyo anakwambia, "Ni kujinyima tu, dada."

Nikajinyima. Mtaalamu wa lishe pale hospitali, binti mpole, alinipangia: wali wa kupima, ute wa yai, kipande cha samaki, kabichi iliyochemshwa na maji yake kumwagwa. Chakula cha kusikitisha, lakini nilikila. Niliacha soda, niliacha maandazi ya saa nne na wasaidizi wangu. Kila siku isiyo ya mashine nilizunguka kiwanja cha shule iliyo nyuma yetu, huku wanafunzi wakinihesabia mizunguko kwa sauti. Baada ya miezi nikapanda mizani nikakuta kilo zile zile. Nesi akasema, "Mama, siku za kati unakuja vizuri, lakini Jumatatu unakuja umejaa, na ukitolewa maji bado uzito haushuki. Jumapili unakula nini?"

Jumapili nakula kwa Mama. Na kwa Mama nakula nilichopangiwa, nakwenda nacho kwenye bakuli. Isipokuwa keki. Kila Jumapili Kitinda alikuwa ananiletea keki yangu peke yangu, kwenye sufuria ndogo. "Hii ni yako, Dada. Haina sukari, haina chumvi, nimeioka mbali na nyingine." Ilikuwa tamu ajabu. Nikimwambia ni tamu anacheka: "Ndiyo ufundi wenyewe." Nilikuwa nakula nusu pale na nusu nakwenda nayo nyumbani. Katika wiki nzima ya kabichi, ile keki ndiyo ilikuwa raha yangu, na nilikuwa naila kwa shukrani, nikisema moyoni, huyu mtoto ananipa figo na bado ananiokea.

Jumatatu moja nilibaki na kipande nikakibeba hospitali. Kiti cha jirani yangu anakaa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, sukari ndiyo iliyomwua figo. Kila kitu kitamu aliambiwa asahau. Nikamwambia, "Mwalimu, leo umebarikiwa. Keki isiyo na sukari." Akaila polepole, akalamba vidole, akasema hajala kitu kama kile tangu mkewe alipofariki.

Haikupita muda akaanza kulalamika kiu na kuona ukungu machoni. Nesi akamtoboa kidole akapima. Akapima tena. Akauliza kwa sauti, "Mwalimu umekula nini?" Mwalimu, msema kweli wa maisha, akaninyooshea kidole mimi. Nesi akachukua makombo yaliyobaki kwenye karatasi, akaonja kwa ncha ya ulimi, akanitazama. "Dada, hii ni sukari tupu. Na chumvi imo."

Niliona aibu mpaka nikatamani mashine inifyonze niishe. Nilimpigia Kitinda pale pale. Akasema, "Maskini, Dada, nimechanganya. Wiki hii nilikuwa na oda nyingi, nimekuletea ya mteja." Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini? Mtu anayekupa kiungo cha mwili wake utamshuku kwa unga na sukari? Lakini nilisema basi, keki sili tena, hata kama imeokwa na malaika. Aliniuliza mara nyingi kama nina uhakika.

Nilipoacha keki, kilo zikaanza kutoka. Taratibu, kwa kusuasua, lakini zilitoka. Ule mkanda wa kupimia presha, ambao ulikuwa unafyatuka mkononi mwangu mbele za watu mpaka waende kuazima mkubwa wodi nyingine, siku moja ulizunguka ukashika. Nesi akapiga makofi. Kwenye kiti mapaja yakaacha kubanwa. Asubuhi moja nikainama nikafunga kamba za viatu vyangu mwenyewe, nikabaki nimekaa pale kitandani nikiviangalia kwa muda mrefu. Siku niliyopanda ngazi za saluni bila kusimama katikati, hakuna aliyeniona, nikashuka nikapanda tena ili fundi baiskeli ashuhudie.

Lakini Kitinda, kadiri mimi nilivyopungua, na yeye alikuwa ananywea. Akaanza kupitia saluni na mifuko ya chipsi na kuku wa kukaanga. "Nimepita tu hapa karibu." Nikimwambia sili, anaiweka wazi juu ya meza ya vioo mpaka harufu ijae chumba kizima. Akawa anamwambia Mama kwamba najinyima mno, nimeparara, nitakufa kabla ya upasuaji. Mama akaogopa, akawa ananijazia sahani kwa nguvu na kutokwa machozi nikikataa. "Mdogo wako anakuonea uchungu," ananiambia. "Wewe huna shukrani." Nilijikaza kisabuni. Nilikuwa naona mbele yangu glasi moja ndefu ya maji baridi ambayo nitainywa yote bila kumwomba mtu ruhusa.

Hatimaye, mwaka wa pili tangu kikao kile, siku ikafika. Nilipanda mizani baada ya mashine, nesi akasoma, akasoma tena, akamwita daktari. Daktari akanishika mkono. "Umefanya kazi yako. Sasa tuleteeni mdogo wako tumpime."

Kitinda alikuja saluni siku moja kabla ya kwenda hospitali. Aliomba nimsuke mistari ya kulala nyuma, kitu cha kudumu, asihangaike na nywele akilazwa. Ilikuwa mchana wa mvua, wateja hakuna, wasaidizi wangu nilikuwa nimewaruhusu. Nikamkalisha kwenye kigoda, mgongo kwangu, uso kuelekea mlangoni. Nikachanua nywele zake, nikaanza mstari wa kwanza.

Kazi yangu imenifunza jambo moja. Mtu ukimshika kichwa, naye hakuoni usoni, ataongea mambo ambayo hajamwambia hata mumewe. Sijui kwa nini. Nimesikia mimba, wizi na ndoa zilizokufa, yote kwenye kigoda kile. Kwa hiyo nilipoona shingo ya mdogo wangu imekakamaa, sikumuuliza kitu. Nilisuka tu.

Tulifika kama nusu ya kichwa. Akasema, "Dada."

"Naam."

"Mimi naogopa."

"Hata mimi naogopa. Watatulaza usingizi, hutasikia."

"Sio hivyo. Siku ile sikuwa nimefikiri. Binamu alisema, halafu Mama akaniangalia. Uliona alivyoniangalia? Ningekaaje pale nimenyamaza, binamu atoe, mimi nimekaa?" Akashika kingo za kigoda. "Nikasimama. Na nilipokuwa bado nimesimama, daktari akasema kilo ishirini. Dada, nilishukuru Mungu. Nikasema, hizo hazitatoka. Nakujua tangu utotoni. Nikajua nimepona."

Vidole vyangu vilikuwa vimeshika nywele katikati ya msuko. Vilisimama.

"Keki," nikasema.

Akainamisha kichwa.

"Kitinda, nakuuliza keki."

"Sikuchanganya," akasema.

Nitasema nilichohisi, sitatia chumvi. Nilitamani kuzivuta nywele zile zing'oke na ngozi yake. Nilikuwa nimezishika, zilikuwa mkononi. Niliwakumbuka wale wanafunzi wakinihesabia mizunguko. Nilimkumbuka Mwalimu akilamba vidole. Nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nikiila ile keki kwa kufumba macho, na yeye amekaa upande wa pili wa meza, ananitazama nikila, anatabasamu.

"Mwili ni wako," nikamwambia. Sauti ilinitoka ndogo, hata mimi ilinishangaza. "Hakuna wa kukulazimisha. Ungesema hapana siku ile ile."

"Ungenichukia."

"Ningekuchukia mwezi mmoja. Halafu binamu angenipa yake, tungesameheana. Wewe ulikaa juu ya nafasi yangu, Kitinda. Hukuitumia na hukumwachia mwingine. Ukapewa viti vya mbele. Ukapigiwa vigelegele kwa kilo zangu."

Akaanza kulia. Mabega yanatikisika, kichwa hakitulii, nikamwambia, "Tulia, nitakupinda mstari." Ndiyo, nilimaliza kumsuka. Najua mngependa niseme nilimfukuza na kichwa nusu ateremke nacho barabarani. Niliwaza hivyo. Lakini mikono yangu haijui kuacha kichwa nusu, na kusema kweli sikutaka ainuke, kwa sababu akiinuka ingebidi nimwone uso. Nilimsuka kwa kubana, nakiri, alilala vibaya usiku ule.

Nilipofunga mstari wa mwisho nikamwambia mambo mawili. Kesho aende amwambie daktari hataki. Na Mama amwambie yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Akaitikia kwa kichwa. Alishuka ngazi akishika ukuta.

La kwanza alilifanya. Hospitali wanamhoji mtoaji peke yake, mlango umefungwa, na asiyetaka wanamsitiri. Daktari alitoka akatuambia kwa upole kwamba mdogo wangu hafai kutoa, akasema sababu ni za kitabibu na ni siri yake. Mama akaketi sakafuni. Kitinda akaketi naye, wakashikana. Mimi nilibaki nimesimama, na daktari akanitazama kwa sekunde nyingi kuliko kawaida. Nadhani alijua kwamba najua.

La pili hakulifanya.

Nikampigia binamu. Alikuwa njiani na mzigo, akasema, "Dada, nikishusha tu nakuja," na kweli alikuja na nguo zake za safari, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nesi akamfunga mkanda wa presha. Akapima, akamwambia apumzike kwanza, akapima mkono wa pili. Daktari akaja akamuuliza tangu lini kichwa kinamuuma.

"Mwaka jana hivi," akasema. "Nilidhani ni jua la barabarani."

Wakampa dawa za kuanza siku hiyo hiyo, na wakamweleza kwamba mtu mwenye presha ya kiasi kile anahitaji figo zake zote. Alitoka akakaa nami kwenye benchi la korido, kofia mkononi, anaizungusha. "Mwaka juzi nilipimwa kazini, ilikuwa safi kabisa," akasema. "Mngeniita mwaka juzi." Hakusema kwa lawama. Aliomba niwe namkumbusha dawa, maana yeye ni msahaulifu, nikamwahidi.

Jumapili nikaenda kwa Mama. Nilikwenda kwa miguu, nimevaa gauni nililolipunguza mara mbili, nikakuta jirani na mashangazi sebuleni, wamekuja kutoa pole. Pole alikuwa anapewa Kitinda. Alikuwa amekaa kwenye kochi kubwa, mistari yangu bado imetulia kichwani, macho mekundu. Juu ya meza kulikuwa na keki yake, ya duara, nyeupe.

Mama alikuwa anawaeleza. "Figo ilikuwepo," anasema. "Mtoto alikuwa tayari tangu siku ya kwanza. Ni huyu mwenzie alichelewa kupungua. Angewahi kuacha kula, wangemkuta mdogo wake bado mzima. Sasa mwili wa mtoto nao umechoka kungoja." Mashangazi wakaguna. Mmoja akanipapasa goti, akasema ndiyo mitihani.

Nilimtazama Kitinda. Nilimpa muda. Nilimpa muda wa kutosha mtu kusema neno moja, halafu nikampa mwingine. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Kitinda," nikasema, "waambie."

"Mwache mwenzio," Mama akanikatiza. "Huoni alivyo na majonzi?" Akachukua kisu, akakata kipande cha keki, kikubwa, cha upana wa kiganja changu, akakiweka kwenye sahani akaisukuma mbele yangu. Hakufanya kwa ubaya. Sauti yake ilikuwa ile ya kumbembeleza mtoto. "Wewe kula tu sasa mwanangu. Ulikuwa unajinyima kwa ajili ya figo, na figo haipo tena. Utajinyima kwa ajili ya nini?"

Ningeweza kumwambia Mama kuhusu ngazi. Ningeweza kumwambia kuhusu kamba za viatu. Nilifungua mdomo, na nikaona kwamba nikisema neno moja yatafuata yote, na Mama ana presha, na watoto wake tupo wawili tu. Nikaufunga.

Nikaichukua ile sahani, nikazunguka meza, nikaiweka mapajani kwa Kitinda. Nikampa kijiko mkononi.

"Kula," nikamwambia. "Hii ni ya kwako."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ya saluni. Sikuondoka. Nilisimama pale mbele yake, na kwa mara ya kwanza maishani kusimama muda mrefu hakukunichosha. Akachota kijiko cha kwanza, akatia mdomoni. Akachota cha pili. Machozi yakawa yanamdondokea kwenye sahani na yeye anakula, anatafuna, anameza, na kila alipopunguza mwendo mimi nilisema polepole, "Bado." Alikula mpaka makombo.

Mama alijifuta macho kwa upindo wa gauni lake. Akawageukia mashangazi.

"Waoneni," akasema, "wanavyopendana."